Watani wa Jadi: Uaminifu Unaomhitaji Mpinzani

Waandishi wa soka wamezoea kuyafananisha mapenzi ya mtu kwa klabu yake na dini, na ulinganisho huo ukiletwa Dar es Salaam huonekana kukubalika bila ubishi, kwa kuwa Young Africans (Yanga), iliyoasisiwa mwaka 1935, na Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 na kupitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, zimeingia katika maisha ya watu kwa kina ambacho mchezo wa dakika 90 peke yake hauwezi kukieleza. Kijani na njano za Yanga ya Jangwani, nyekundu na nyeupe za Simba ya Msimbazi, zimo katika kanga na vitenge, katika bodaboda, katika kuta za vibanda vya chipsi na katika nyimbo za wasanii wa bongo fleva, na watoto wengi huijua timu ya nyumbani kwao kabla hawajajua kusoma. Hata hivyo, wenye jambo lenyewe hawakuliita dini. Walipotafuta neno la kuueleza uhusiano wa Simba na Yanga walichukua neno la kale, wakasema kwamba hao ni watani wa jadi, na neno hilo, likipewa uzito unaolistahili, hujibu swali gumu la maadili: je, mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa kundi lake kwa moyo wote bila kumchukia asiye wa kundi hilo?

Wanaoshikilia ulinganisho wa dini wana hoja yenye nguvu mkononi, nayo ni ile ya mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliyedai mwaka 1912 kwamba totemu, yaani mnyama au kitu ambacho ukoo hukifanya alama yake takatifu, ni sura ambayo jamii huitumia kujiabudu yenyewe pasipo kujua. Klabu iliyojiita kwa jina la mnyama, na ambayo mashabiki wake huiita Mnyama tu, inaonekana kana kwamba iliumbwa kwa ajili ya nadharia hiyo. Lakini nadharia inamsahau mtu mmoja, ambaye ni jirani wa upande wa pili. Mwumini akiwa peke yake nyikani, asimwone kafiri wala mpagani maisha yake yote, imani yake haipungui kitu, kwa sababu inasimama kati yake na Mungu. Shabiki wa Yanga katika nchi isiyo na Simba angebaki na nini? Angekuwa na timu ya kutazama, bila shaka, na mabingwa wa kushangilia, lakini lile jambo linalomfanya anyamaze siku nzima au atembee mtaani akiwa ameinua kichwa lingekuwa limetoweka. Uaminifu wa aina hii una mpinzani ndani yake tangu mwanzo, na hilo halipatikani katika dini yoyote inayojiheshimu.

Utani, kwa maana yake ya asili, ni uhusiano rasmi kati ya makabila, koo au ndugu wa aina fulani, unaompa kila upande haki ya kumkejeli mwenzake, kumdai, hata kumnyang'anya kitu, ilhali anayefanyiwa hivyo hana ruhusa ya kukasirika. Kati ya Wangoni na Wahehe uhusiano huo huelezwa kuwa ulitokana na vita walivyopigana wenyewe kwa wenyewe, maana yake ni kwamba waliowahi kuuana walichagua kuugeuza uadui kuwa kejeli ili usife kabisa wala usiue tena. Mahali ambapo utani hudhihirika zaidi ni msibani. Wakati wafiwa wamezidiwa na majonzi, mtani huja akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea au kukohoa, hukalia jeneza, huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha, na katika kufanya hivyo humtoa mfiwa kwenye giza kwa njia ambayo ndugu wa damu hawezi kuithubutu. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba uhusiano wa namna hii huchanganya urafiki na uhasama kwa mpango maalumu; ni maelezo sahihi, ingawa yanapungukiwa na joto ambalo kila aliyewahi kutaniwa msibani analijua.

Ni katika mwanga huo ndipo inapoeleweka nguvu ya ishara ndogo kabisa iliyotawala mitaa baada ya Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1. Kiganja kilichofunguliwa, vidole vitano vikiwa vimetanuliwa, kilitosha kuwa salamu, tusi na hotuba kwa pamoja. Muuza duka aliweza kurudisha chenji kwa kukinyoosha kiganja polepole kuliko ilivyohitajika, na mteja wa Simba akaelewa, akasonya, akacheka, akaondoka na sukari yake. Aliyetaniwa naye hakuwa mikono mitupu, kwa kuwa utani una daftari lake la madeni: Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0 mwaka 1968, Simba ikajibu kwa 6 kwa 0 mwaka 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu, kisha ikaongeza 5 kwa 0 mwaka 2012. Vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1977 huutaja mchezo huo kama watu waliokuwa jukwaani. Deni hilo halilipwi likaisha, wala hakuna anayetaka liishe, kwa sababu siku litakapofutwa watani watakuwa hawana la kuambiana.

Josiah Royce, mwanafalsafa wa Marekani aliyechapisha kitabu kizima kuhusu falsafa ya uaminifu mwaka 1908, alikabiliana na tatizo kwamba uaminifu wa watu mbalimbali hugongana, na akapendekeza kwamba kipimo cha uaminifu mwema ni kama unauheshimu na kuustawisha uaminifu wa wengine, hata wa mpinzani. Aliita hali hiyo kuwa mwaminifu kwa uaminifu wenyewe. Wazo hilo, ambalo katika kurasa za kitabu huonekana kavu, limekuwa likiishi Kariakoo kwa miongo mingi bila kumhitaji Royce. Shabiki wa Simba humheshimu, kwa namna yake ya kejeli, shabiki wa Yanga aliyeshikilia timu yake katika miaka ya njaa, na wote wawili kwa pamoja humdharau anayehama. Mchezaji husamehewa, kama Clatous Chama alipotoka Msimbazi kwenda Jangwani mwaka 2024, maana inafahamika kwamba yuko kazini. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alipojiunga na Yanga mwaka 2021, mjadala uliozuka ulikuwa wa kimaadili hasa, na utetezi mmojawapo ulikuwa kwamba baba yake, Sunday Manara, aliichezea Yanga, hivyo mtoto alikuwa amerudi nyumbani. Utetezi huo unafundisha mengi, kwa kuwa hata kuhama kulihitaji kuelezwa kama uaminifu wa kina zaidi.

Ipo hatari, na ingekuwa kosa kuifunika. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah yake mwaka 1377, aliita asabia ile nguvu ya kushikamana inayowafanya watu wa kundi moja wateteane, na aliiona kuwa chanzo cha dola; lakini mafundisho ya Kiislamu yanaikemea asabia pale mtu anapowasaidia watu wake katika dhuluma. Mpaka huo ndio huo wa utani. Kejeli inapogeuka matusi ya wazazi, shabiki anapopigwa kwa kuvaa jezi, au imani inapohamishwa kutoka miguu ya wachezaji kwenda kwa wale wanaoitwa kwa tafsida kamati ya ufundi, yaani waganga na wapambe wao, mtani ameshakufa na amebaki adui.

Wapo wanaodhani kwamba tiba ni uzalendo, na kwamba ni aibu Mtanzania kuishangilia timu ya wageni inapocheza na mtani wake. Mwaka 2023, Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, mwito huo ulisikika sana. Na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameshaahidi fedha kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, zawadi ambayo watu waliipa jina la goli la Mama. Nia hiyo ni njema na inastahili shukrani. Lakini anayemtaka shabiki wa Simba aishangilie Yanga kama timu yake anamwomba aache kuwa mtani, na mtani aliyeacha utani hawezi tena kuifanya kazi ile ya msibani, ya kumchekesha mtu asiyeweza kuchekeshwa na mwingine.

Machi 8, 2025 ilionyesha jambo hili kwa upande wake wa pili, yaani utani unapokosekana. Simba, ikilalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo wake na Yanga, ilitangaza kutocheza, na mchezo ukaahirishwa. Kwa zaidi ya miezi mitatu hakuna upande uliokuwa na kiganja cha kuonyesha. Palibaki kanuni, vifungu na taarifa kwa vyombo vya habari, na watu waliozisoma kwa sauti vijiweni walikuwa na hasira isiyo na kicheko ndani yake. Mchezo ulipochezwa hatimaye, Juni 25, Yanga ilishinda 2 kwa 0, na asubuhi yake vijiwe vikarudia lugha yao.