Tone la Siri

Mafuta yalipomwagika Makupa, jirani na Shimanzi, mwaka 1988, mikoko ilikufa na dhara likaonekana. Lakini meli nyingi huvujisha mafuta ya kulainishia mhimili wa rafadha, tone baada ya tone, wala hapana anenaye. Je, dhara la siri si dhara? Dawa ipo: mafuta yaozayo upesi majini, mengine hutokana na mimea. Marekani iliyaamrisha kwa meli za biashara ziingiazo maji yake tangu 2013. Udhuru mkubwa ni bei. Basi pima, ndugu msomaji: akiba ya mwenye meli hulipwa na mvuvi, naye hakuulizwa. Kumtwisha jirani gharama yako bila ya ridhaa yake ni dhulma, ijapokuwa ni tone.