Majani kwa namba ya mwenzio

Kwetu Kanja, kwenye kituo cha majani chai, karani hana haja ya kukujua uso. Anapima gunia, anaandika kilo kwenye namba, anaita anayefuata. Namba ndiyo mkulima. Bonasi ikija mwezi wa kumi hufuata namba, na deni la mbolea hufuata namba iyo hiyo.

Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja wa mteremko wetu alimkubalia kijana mgeni apeleke majani kwa namba yake. Kijana hakuwa na shamba. Alidai kwamba amekodi vipande vya michai huku na kule, na kuandikishwa kungemchukua muda. Wakapatana: pesa zikitoka, mzee akate kidogo, zilizobaki ampe mwenyewe. Kilo zikapanda hadi mama wa nyumba akaanza kuuliza shamba limeongezeka lini. Kumbe yaliyokuwa yakichumwa ni ya majirani, tena usiku. Askari wa chifu walipokuja hawakumuulizia kijana, maana jina lake halikuwa limeandikwa popote. Mzee aliuza ng'ombe ili alipe. Nakumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyemswaga yule ng'ombe hadi sokoni.

Kisa hicho kilinirudia juzi, mwana wa dada yangu aliponisogezea simu. Kijana huyu alijifundisha mwenyewe kuandika programu, na sasa anaunda gemu ya matatu inayopanda milima yetu wakati wa mvua. (Nimeijaribu. Nimeanguka mtoni mara sita.) Huku akiisubiri impe riziki, hufanya vibarua vya mtandaoni.

"Anko, hebu soma hii."

Mtu anayejiita mtaalamu wa gemu za simu alikuwa akimwandikia kwa adabu nyingi. Ana timu, ana ujuzi wa miaka, kinachokosekana ni akaunti. Alitaka kutumia ya kijana: picha ya kitambulisho pande zote mbili, picha yake amekishika, na programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, nayo iachwe imewaka mchana na usiku. Kijana angelipwa asilimia 20 ya kila kazi. Alipoombwa waonane kwa video, kamera ilikuwa mbovu. Ujumbe wa mwisho ulisema: kazi yote nitaifanya mimi, wewe ni jina tu.

Nikamsimulia habari za mzee na ng'ombe. Akacheka. "Hayo ni majani, anko." Basi ikanibidi nimpeleke mbali zaidi, hadi Korea Kaskazini, kwa mafundi wa gemu wanaofanya kazi bila majina yao.

Wengi hudhani kwamba nchi iliyojifungia namna ile haiwezi kuunda gemu. Wananchi wake wana mtandao wa ndani tu, uitwao Kwangmyong, na intaneti tunayoijua sisi ni ya wachache wenye kibali. Lakini mwaka 2007 ilianzishwa Pyongyang kampuni iitwayo Nosotek, kwa ubia na Wajerumani, na vijana wake wakaandika gemu za simu zilizotokana na filamu za Hollywood, zikiwemo The Big Lebowski na Men in Black. Waliozinunua Ulaya huenda hawakujua zimetoka wapi. Mwaka 2012 kampuni hiyo ikatoa Pyongyang Racer kwa ajili ya wakala mmoja wa watalii: unaendesha gari katika barabara pana zisizo na magari, ukiokota mapipa ya mafuta na kupita karibu na masanamu. Ni gemu ya kuchosha, lakini ina ukweli wake. Aliyeiandika aliuchora mji wake jinsi alivyoruhusiwa kuuona.

Mwaka huo huo wa 2007, hapa Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutoka eneo letu. Haikumtajirisha. Ila ilikuwa na jina lake, na jina hilo lilimpeleka kwenye meza nyingine: miaka miwili baadaye alikuwa mwanzilishi mwenza wa Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Walioandika ile ya The Big Lebowski wanaitwa nani? Mimi sijapata kuyaona majina yao popote.

Hapo ndipo kijana alipoacha kucheka. Nadhani ni kwa sababu ya gemu yake ya matatu.

Kisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Korea Kaskazini vikabana. Azimio namba 2397 la Baraza la Usalama, la Desemba 2017, lilizitaka nchi ziwarudishe kwao wafanyakazi wa Korea Kaskazini kufikia tarehe 22 Desemba 2019. Fundi wa programu aliyeketi China au Urusi, hodari kabisa, hawezi tena kuomba kazi kwa jina lake. Lazima aazime la mtu. Mei 2022 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari ikieleza kwamba mafundi hao ni maelfu, kwamba gemu za simu ni miongoni mwa kazi zao, na kwamba wachache wako Afrika. Ripoti ya nchi zinazofuatilia vikwazo hivyo, ya Oktoba 2025, iliitaja hata Tanzania kati ya mahali walipopelekwa. Na mwaka 2024 watafiti waliripoti kwamba wamekuta kwenye kompyuta moja ya Korea Kaskazini michoro iliyoonekana kuwa ya Iyanu, filamu ya katuni yenye asili ya Nigeria. Hapakuwa na ushahidi kwamba wenye filamu walijua kazi yao imefika huko. Ilikuwa imepita mikono mingi, kama gunia lililobadilishwa namba njiani.

Nikamsimulia pia habari za Christina Chapman wa Arizona. Mwaka 2020 aliandikiwa mtandaoni na watu waliotaka awe sura yao Marekani. Akakubali. Kazi yake ilikuwa kupokea kompyuta zilizotumwa na makampuni, kuziwasha na kuziacha ziendeshwe kutoka ng'ambo. Wapelelezi walipoingia nyumbani kwake walikuta zaidi ya 90 zimepangwa kwenye rafu, nyingine zimebandikwa vijikaratasi vya kukumbusha ipi ni ya kampuni gani na ya jina la nani. Makampuni 309, majina ya Wamarekani 68 yaliyoibwa, dola milioni 17. Julai 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Mafundi wenyewe hawakuwemo kizimbani.

"Lakini mimi siko Marekani," kijana akasema.

Kweli. Ila kompyuta inayoendeshwa na mgeni usiku kucha haina mpaka, na kitambulisho kikishatumwa hakirudi. Tena akidanganywa mmoja, hasara huwafikia wengi: Machi 2022 zilitoweka takriban dola milioni 620 kutoka Ronin, daraja la fedha la gemu ya Axie Infinity. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, mlango ulikuwa mhandisi mmoja aliyetafutwa kwa kazi mpya yenye mshahara mnono. Alifanyiwa usaili mara kadhaa, akaletewa barua ya ajira, akaifungua, nao wezi wakaingia. FBI ilisema wezi walikuwa kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Waliolia ni pamoja na vijana wa Ufilipino waliokuwa wakila kwa gemu hiyo.

Sikumwambia kwamba anayemwandikia ni Mkorea. Huenda ni tapeli wa mtaa wa pili. Mzee wetu naye hakuwahi kujua yule kijana alitoka wapi, na kutojua hakukumpunguzia deni.

Akakaa kimya, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na huyo anayeandika, yeye hubaki na ngapi?"

Nikamwambia lililo katika ile tahadhari ya Marekani: fundi mmoja anaweza kuingiza zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 38, na serikali yake huweza kuchukua hadi asilimia 90.

"Afadhali hata wakala wa kahawa," akasema.

Simu ikalia tena. Rafiki, uko? Kitambulisho kwanza, mengine baadaye. Kijana aliitazama muda mrefu, akaandika kwa kidole kimoja: Kwani wewe unaitwa nani hasa? Vile vidoti vitatu vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. Kisha jibu likaingia.

Niite jina lolote upendalo.