Ngozi za Mbuzi Mikononi



Leo tumesoma Mwanzo 27. Wengi tunamlaumu Yakobo, lakini tuangalie jikoni: aliyepika chakula kile ni mama. Ndiye aliyemvisha mwanawe nguo za Esau na ngozi za mbuzi mikononi. Isaka hakuona, ila sauti ilimtia shaka.

Walimu nao hutambua sauti. Kijana anayehangaika na Kiingereza akileta insha iliyonyooka kama ya profesa, mikono ni ya nani? Sheria ya 2022 imekataza kuwauzia wanafunzi insha hapa England, na miongoni mwa wanaoziandika wamo vijana wetu wa Nairobi, wenye digrii na wasio na kazi. (Hao nao tuwaombee.)

Sisi wazazi tusijitoe lawamani. Tunapiga simu nyumbani kutangaza udaktari wa mtoto aliye mwaka wa kwanza. Akifeli somo moja, tunamtajia mtoto wa fulani. Hapo ngozi tumeshamfunga sisi. Rebeka alidhani Yakobo angekaa kwa Labani siku chache tu. Ikawa miaka 20, na Mwanzo haisemi kama mama na mwana walionana tena.

Baada ya ibada ukumbi utakuwa wazi. Wanaodaiwa insha waje nazo, hata kama ni nusu ukurasa. Walimu wa hapa kanisani watakaa nao. Wazazi tutakuwa upande wa chai, na aliyefeli hataulizwa chochote.