Je, Mgonjwa Naye Afurahi?

Husemwa mara kwa mara mitaani kwetu kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kudumu hana budi kutulia nyumbani. Akionekana ameshika jembe, au anacheka barazani na wenzake, huulizwa, “Kumbe huumwi?” Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna hukumu: kwamba ugonjwa na furaha havikai nyumba moja, na anayefurahi ama asingizia ugonjwa ama audharau. Sisi tunaoishi na kisukari, nasi tu wengi siku hizi, twapenda kulitazama jambo hili kwa utulivu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Waganga walimnyima chakula hata akabaki mifupa mitupu, ili siku zake ziongezeke kidogo. Mwaka 1921 Banting na Best, huko Toronto nchini Kanada, walipata insulini katika kongosho za mbwa, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa dawa hiyo. Aliishi miaka 13 zaidi. Sasa tuulize: miaka hiyo alipewa ili alale akiitazama dari?

Wapo wanaoichukua hoja hii na kukimbia nayo mbali mno. Husema: ikiwa maisha ni ya kufurahiwa, nipeni wali, soda na halua, kufa ni kufa tu. Twawasikia hasa kwenye karamu za arusi. Hatukubaliani nao. Sukari isiyotunzwa huharibu macho, figo na mishipa ya miguu, na atakayemshika mtu huyo mkono njiani ni mke au mjukuu, ambaye hakuionja ile halua. (Na mwenye karamu anayemsukumia mgonjwa sahani ya pili, “kula tu, leo sikukuu,” naye ana sehemu yake katika deni hilo.)

Kwa maoni yetu kipimo ndicho kimfunguliacho mgonjwa mlango. Chukueni safari ya kutoka Muheza kupanda Amani. Anayetumia insulini haendi hivi hivi. Hula kwanza, kwa kuwa kutembea hushusha sukari. Hutia glukosi mfukoni, maana akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona njaa ya ghafla, hana nafasi ya kutafuta duka. Na dalili hizo humweleza mwenzake mapema. Huvaa soksi na viatu vya kufunika vidole, ingawa tangu utotoni alizoea kwenda peku, kwa sababu mguu uliokufa ganzi haumwambii kwamba umechomwa na mwiba. Jioni hukagua nyayo zake. Matayarisho hayo hayachukui hata nusu saa, kisha njia ni yake: ubaridi wa mlimani, kivuli cha miti mikubwa, na chungwa moja la kumenya na kula zima. Maji ya machungwa matatu hunywewa kwa pumzi moja, na sukari hupanda upesi.

Hatusemi kwamba yote ni mepesi. Vijiti vya kupimia sukari vina bei, na wapo wenzetu waliokatwa mguu au wasioona tena. Kumhimiza mtu wa namna hiyo afurahi ni kumdai kodi asiyo nayo. Lakini kumtolea kiti nje asubuhi, jua likiwa bado pole, akawatambua wapitao kwa sauti zao, hakuhitaji fedha.

Limebaki jambo la watoto wetu. Wengi humkataza mzazi mgonjwa kwenda shambani, wakamwekea redio na kumfungia mlango, na hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mzee ana akili zake timamu, na migomba ile aliipanda mwenyewe. Wamvalishe viatu, wahakikishe amekula, kisha mmoja wao afuatane naye na kumbebea jembe.