Dadu Halina Kosa

Ndugu msomaji, usicheke. Niko Kilimatinde, wilayani Manyoni, bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapa, na bado nimeshika kalamu napanga safari ya jahazi. Ni kwa ajili ya mchezo wa mezani, ule wa kuigiza hadithi, wa aina ya Dungeons & Dragons iliyotolewa Marekani mwaka 1974. Mmoja huwa msimulizi, wengine huwa wahusika: nahodha, mganga, mwizi. Msimulizi analeta mkasa, wahusika wanaamua la kufanya, na palipo na shaka dadu linarushwa. Sisi tunatumia la ludo, linatosha.

Msimulizi ni mimi. Na swali langu ni hili: je, nina haki ya kuzamisha chombo kwa dadu?

Njia rahisi inajulikana. Unaandika orodha: moja dhoruba, mbili maharamia, tatu jini wa baharini, na kuendelea. Kila siku ya safari unarusha. Likitokea moja, tanga linachanika, watu wanakufa, na hakuna wa kulaumiwa. Si dadu hilo? Ajali haina kinga, mshkaji!

Methali hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Hebu tutazame maji yetu wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Zote tatu zilikuwa zimebeba kupita kiasi. Hapakuwa na jini wala haramia. Kilichokuwapo ni gati, na gatini kulikuwa na nafasi ya mtu kusema, "Basi, kimejaa." Hakusema.

Kumbe mkasa wa majini mara nyingi huzaliwa nchi kavu. Sisi wa huku tungepaswa kulijua hilo zamani. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi ili ipewe njia na maji, kisha ikaingia nyika ya Mgunda Mkali. Nyika ile ilikuwa bahari yao. Kabla ya kuingia ilibidi kuamua: tubebe maji kiasi gani, nani atayabeba, na tukipungukiwa nani atakunywa kwanza? Angalia na neno lenyewe, hongo. Zamani lilikuwa ushuru wa kupita njia. Leo ni kile anachopewa mtu ili afumbe macho.

Rafiki yangu mmoja tunayecheza naye ananipinga. "Acha hizo bwana. Bahari haina haki. Dhoruba haiulizi nani mwema." Kweli. Ndiyo maana upepo nauachia dadu. Lakini shehena siiachii. Dadu liseme kama kusi itavuma kwa hasira. Idadi ya magunia waiseme wahusika.

Kuna pingamizi zito zaidi. Abiria naye je? Siku ya gulio, kivuko ni kimoja, mtoto yuko mgongoni na giza linaingia. Kumwambia "ungeshuka" ni ukatili. Hapo nakubali: uamuzi haugawanywi sawa. Mwenye chombo anao mwingi, nahodha anao, mkaguzi anao. Abiria anao kidogo mno. Basi lawama nayo igawanywe kwa kipimo hicho hicho.

Kwa hiyo safari yangu nimeipanga hivi. Mkasa wa kwanza uko bandarini: tajiri anataka kuongeza magunia 40, analipa maradufu. Wa pili: mama mmoja anaomba nafasi ya mwisho, mwanawe anaumwa. Wa tatu: mkaguzi anakohoa na kutazama pembeni, anangoja chochote. Dhoruba ni ya nne. Ikifika, wahusika wakiwa wanafua maji usiku, kila mmoja atajua gunia lipi ni lake.

Na yule mama? Sijui watamjibu nini. Wakimchukua wanazidisha uzito, wakimwacha wanamwacha na mgonjwa. Hilo nawaachia wao, maana hata mimi sina jibu safi.

Vijana wenzangu mnaoandika hadithi, nasi ni wasimulizi tulewale. Ukitaka kumuua mhusika wako majini, muue. Lakini usitupe kosa lote kwa mawimbi halafu ukafunga daftari. Rudi nyuma hadi gatini, utuonyeshe nani alihesabu watu, na nani aliacha kuhesabu.