Watoto Wetu na Mashamba ya Mvinyo

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu mmoja wa hapa Mombasa, ambaye hatutamtaja jina, ametuletea suala ambalo tumeona si lake peke yake. Asema kwamba katika likizo ya Desemba alisafiri na mkewe na wanawe wawili, mmoja wa miaka sita na mwengine wa minne, kwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani, ambaye si Mwislamu. Siku ya Jumapili mwenyeji akawachukua wote katika gari yake akawapeleka kwenye shamba la mizabibu lenye kiwanda cha mvinyo. Huko pana uwanja wa majani, miti ya kivuli, na pembea za watoto. Wakubwa wakakaa mezani wakaletewa mvinyo wa namna mbalimbali wauonje. Yeye na mkewe hawakuonja hata tone. Na watoto wakapewa maji ya zabibu katika glasi ndogo zenye miguu, mfano wa zile za wakubwa. Wakarudi salama. Lakini baada ya mwezi, nyumbani kwake, akawakuta watoto wamekaa mkekani na vikombe vya sharubati, yule mkubwa akikizungusha kikombe, akinusa, akionja kidogo, kisha akimwambia nduguye: "Huu mzuri, lete mwengine." Ndipo alipotuandikia. Auliza: je, ana dhambi, na hali hakunywa wala hakumnywesha mtu?

Twaanza na lililo jepesi. Zabibu ni neema, na Qur'ani imezitaja mara nyingi miongoni mwa vipawa vya Mola wetu. Maji yake mabichi ni halali, na kupita katikati ya mizabibu si kosa. Hatutaki kesho isemwe barazani kwamba tumeharamisha zabibu.

Ama kukaa kwenye meza inayozungushwa mvinyo, hilo Mtume (S.A.W.) amelikataza wazi kwa kila mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, na makatazo yenyewe ni ya kukaa, siyo ya kunywa tu. Tena atazame ndugu yetu ile hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi. Katika hao kumi, mnywaji ni mmoja. Waliobakia ni mkamuaji na mwenye kukamuliwa, mchukuzi na mwenye kuchukuliwa, mwenye kunywesha, muuzaji, mnunuzi na mfano wa hao, ambao yumkini midomo yao ni mikavu. Basi neno "sikunywa", ambalo twalisikia sana siku hizi, si ngao kama watu wanavyodhani. Nasi hatujitoi katika lawama hii. Tumepata kualikwa kwenye karamu hotelini, chupa zikawekwa meza ya jirani, tukabakia kwenye viti vyetu tukijidanganya kwamba meza ya pili si meza ile.

Lakini jambo lililotushughulisha zaidi ni la watoto, nalo twataka kulipima kwa mizani ya hapa hapa pwani. Ni nani kati yetu atakayewavisha wanawe nguo za Idi, awapeleke mangweni alasiri, awakalishe chini ya mnazi wapewe madafu, na yeye akae na wanywaji wa tembo akizungumza na kucheka, kisha aseme, "Sisi tulikunywa madafu tu"? Hapana. Mkewe angelia, na majirani wangemwita wamuonye. Basi mangwe na kiwanda cha mvinyo vyatafautiana nini? Hapa ni kata na pale ni glasi. Hapa ni makuti na pale ni nyumba nyeupe ya Kizungu yenye bustani. Haramu ikivaa nguo nzuri twaiona kuwa ni matembezi. Huo ni ugonjwa wetu wa siku nyingi, wa kulitukuza kila lililokuja na sahani ya kaure.

Mtoto wa miaka sita haijui fiqhi. Hakuiona glasi ambayo babake aliikataa, kwa kuwa kukataa kwa mtu mwenye adabu ni jambo la kimya. Alichokiona ni babake anacheka, mamake amepumzika, watu wote ni wakunjufu, na katikati ya furaha hiyo pana chupa. Vitu hivi viwili vimefungwa pamoja moyoni mwake. Chuki ya ulevi, ambayo wazee wetu walitutia tungali wadogo hata tukawa twakimbia harufu yake njiani, haiingii kwa mtoto kwa kuambiwa "haramu" chuoni ikiwa ameonja raha yake Jumapili. Na Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tahrim ametuamrisha kuzikinga nafsi zetu na watu wetu pia.

Na laiti ndugu yetu angejua ni ardhi gani aliyokanyaga! Huko Rasi ya Tumaini Jema mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659, na shamba mashuhuri la Constantia lilianzishwa na gavana wa Kiholanzi, Simon van der Stel, mwaka 1685. Waliolima na kukamua walikuwa watumwa, walioletwa kutoka Bara Hindi, visiwa vya Jawa, Bukini na Msumbiji, na wengi wao walikuwa Waislamu au walisilimu huko huko. Karibu na lango la Klein Constantia liko kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyehamishwa na Waholanzi kutoka nchi za mashariki. (Hatutaji kaburi ili watu waende kulitabaruku, twataja ili wazingatie.) Mwaka 1793 Tuan Guru, aliyekuwa mfungwa wa kisiwa cha Robben, alifungua madrasa mjini Cape Town wakasoma humo watoto wa watumwa. Watu wale, waliozungukwa na mapipa, waliwalea watoto wao wasiukaribie mvinyo, wala hawakuwa na amri ya nafsi zao. Sisi wenye amri ya nafsi zetu twakata tikiti ya ndege kuwapeleka wetu.

Tena huko kulikuwa na desturi iitwayo dop, ya kumlipa kibarua wa shambani sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, akinyweshwa mara kadhaa kwa siku. Sheria ilikuja kuikataza, lakini iliendelea miaka mingi baadaye. Madaktari waliowachunguza watoto wa wilaya hizo wamekuta maradhi ya waliodhuriwa na pombe wakiwa matumboni mwa mama zao, maradhi yasiyo na dawa, kwa kiasi ambacho ni katika vikubwa kabisa vilivyopata kupimwa duniani. Watoto hao hawaonekani kwenye pembea.

Basi jawabu letu ni hili. Ndugu yetu amekosea, na atubu, na mlango wa toba u wazi. Mwenyeji wake asimtukane wala asimvunjie urafiki, kwani alimkirimu kwa alichokijua; amwandikie kwa upole kwamba safari nyengine wataonana mlimani au pwani. Ama wale watoto, asiwapige wala asiwafokee kwa mchezo wao, maana kalamu imeondolewa kwao, na mchezo ule hawakuubuni wao. Akae nao mkekani, aviondoe vikombe polepole, amwambie yule mkubwa: "Mwanangu, pale mahali tulipokwenda hapakuwa pazuri kwetu. Mimi ndiye niliyekosa kuwapeleka." Twajua kwamba ni uzito kwa baba kumwambia maneno hayo mtoto wa miaka sita. Na akiuliza kwa nini, amweleze, hata ikiwa itamchukua usiku mzima.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.