Wakati Uliopita wa Namna Mbili

Baada ya kustaafu nilianza kujifunza Kitaliano kwa kitabu cha sarufi nilichoachiwa na padre mmoja Mwitaliano aliporudi kwao. Wanangu walicheka: mzee wa miaka sabini na ushei ana safari gani ya Roma? Lakini aliyefundisha sarufi maisha yake yote haachi kwa sababu amepewa kiinua mgongo.

Vitenzi vyao ni vya makundi matatu, yenye miisho -are, -ere na -ire. Sisi nafsi huitanguliza: nasema, unasema, anasema. Wao huiweka mwisho: parlo, parli, parla. Hayo huzoeleka. Kilichonisimamisha ni wakati uliopita, maana wao wanao wa namna mbili. Passato remoto, uliopita wa mbali, ni wa jambo lililofungwa: Dante morì, alikufa, mwaka 1321. Passato prossimo, uliopita wa karibu, ni wa jambo ambalo athari yake ingali pamoja na msemaji. Tena ukaribu huo si wa kalenda. Mzee wa miaka themanini husema sono nato, nimezaliwa, kwa kuwa yu hai. (Hiyo ndiyo kanuni ya kitabuni. Katika mazungumzo watu wa Milano hutumia ule wa karibu kwa karibu kila jambo, na kule Sicilia ule wa mbali husikika hata kwa jambo la asubuhi ileile.)

Nasi tunayo tofauti inayofanana na hiyo, ila hatuifikirii. Baba amekwenda Iringa: hayupo. Baba alikwenda Iringa: pengine yumo ndani anakunywa chai.

Sasa, ndugu msomaji, mtu aliyetenda kosa ana haki ya kujichagulia wakati wa kitenzi chake? Ho sbagliato, nimekosa, sbagliai, nilikosa. Ni nani wa kuamua?

Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimfukuza mwanachuo mmoja kwa wizi wa karatasi ya mtihani, ikiwa imebaki miezi mitatu ahitimu. Mwaka uliofuata nilipata kujua kwamba mwizi alikuwa mwingine. Sikumwandikia. Nilijiambia kwamba faili limekwisha fungwa, kwamba kijana atakuwa amepata kazi nyingine, na kwamba mkuu anayekiri makosa hatatiiwa tena. Sababu hizo zilinitosha kwa miaka mingi, na sioni fahari kulisema hilo.

Mwaka jana tulikutana stendi ya mabasi. Alinitambua yeye kwanza, akanipa shikamoo na kunipokea mzigo. Ana mvi. Nikamwambia, kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza, "Yale mambo nilikosea, lakini yalikuwa ya zamani."

Hakukasirika. Alisema, "Ni kweli, Mwalimu, ni zamani. Ila mimi mpaka leo sijapata cheti."

Basi lake likaja, akapanda.

Nimefundisha kikanushi kile, -ja-, kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimekiandika ubaoni, nimekitungia mitihani. Juma hili nimeanza kukiandikia chuo barua kueleza yaliyotokea, na nakala ni yake. Sijui kama kuna mtu huko atakayeisoma. Sentensi ya kwanza ilianza na "nilimkosea". Nimeifuta.